Mawe ya Singida Hayakuja na Meli

Wapo wasomi wapendao kukariri kwamba elimu ya mageuko ya viumbe ni ngano ya Kizungu iliyoletwa na meli. Kauli hiyo husifiwa barazani. Mahenge, magharibi ya mji wa Singida, haina pa kusimama.

Huko, yapata miaka milioni 46 iliyopita, mlipuko wa volkano ulichimba shimo, na shimo likawa ziwa. Tope lake liligeuka jiwe, na ndani yake wamebaki samaki, chura na popo. Mwaka 1960 Greenwood, bingwa wa elimu ya samaki, alimtangaza mmojawao kwa jina la Palaeodenticeps tanganikae. Ukoo wake una samaki mmoja tu aliye hai hii leo, naye yumo katika mito ya Afrika ya Magharibi. Wengine walipewa jina la Singida yenyewe: samaki Singidida, chura Singidella.

Alfred Russel Wallace, aliyezaliwa mwaka 1823, hakuyaona mawe hayo. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akajielimisha mwenyewe. Mwaka 1855, akiwa Sarawak, aliandika kwamba kila spishi huzuka mahali na wakati uliokwisha kuwa na spishi ya karibu nayo. Mwaka 1858 alimpelekea Darwin makala juu ya uteuzi wa asili. Mahenge inamshuhudia: wamo humo samaki wa ukoo wa sato na perege, mamilioni ya miaka kabla ya Ziwa Viktoria kuwapo.

Watashikilia kwamba mtu huyu alimshusha binadamu akawa mnyama. Hawajamsoma. Wallace ndiye aliyekataa, tangu mwaka 1869, kwamba uteuzi wa asili watosha kueleza akili ya binadamu, hata Darwin akasikitika. Apingwe anayetaka kumpinga, lakini kwa yale aliyoyaandika.

Watasema tena kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Spishi ni neno, kisukuku ni neno, mageuko ni neno. Kinachokosekana ni kalamu iliyo tayari kutoa jasho. Wallace alijifunza Kimalei ili asemezane na wenyeji wa visiwa alivyovichunguza. Mzawa anashindwaje kuieleza Singida kwa lugha yake mwenyewe?

Mtoto wa Singida ana haki ya kujua kwamba jina la kwao limeandikwa katika daftari la viumbe wa dunia. Anayemwambia kuwa elimu hiyo ni ya wengine anampokonya urithi ulio chini ya nyayo zake.