Shangazi alipolikaribisha koti

BARAZANI na Rehema Mkude

Mwaka juzi shangazi yangu alikaribisha koti. Lilitundikwa nyuma ya mlango, naye akaliambia, "Pita ndani baba, mbona umesimama?" Watoto wakacheka. Sisi wakubwa tulitazamana, na kabla ya magharibi ukoo mzima ulishakata shauri kwa simu: bibi akili zimeanza kumruka.

Nimelikumbuka koti hilo niliposoma habari za Norfolk, Uingereza. Watu 8,623 wenye afya waliketishwa mbele ya skrini iliyojaa nukta zinazotembea, wakaambiwa wabonyeze kitufe mara tu waonapo pembetatu ikijitokeza. Miaka ikapita, 537 kati yao wakaugua dimensia, ule ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Watafiti waliporudi kwenye majibu ya zamani walikuta kwamba kundi hilo lilikuwa zito kuiona pembetatu, miaka mingi kabla ya daktari yeyote kutaja ugonjwa.

Mimi sikushangaa sana. Retina, utando ulio nyuma ya jicho, huchipua kutoka kwenye ubongo mtoto akiwa bado tumboni. Ni kipande cha ubongo kilichosogea dirishani. Mashine ya kupima unene wake kwa mwanga ilitangazwa mwaka 1991; mzee huegemeza kidevu, hatazami hata sindano, na dakika chache baadaye picha iko tayari. Kule Dunedin, New Zealand, wanawafuatilia watu waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Walipofika miaka 45, wenye tabaka jembamba la nyuzi za neva kwenye retina walionekana pia kuwa na alama za chini katika majaribio ya akili.

Hapo ndipo ninapoanza kuogopa. Tabaka hilohilo huliwa na presha ya macho, na kisukari nacho hakiiachi retina salama. Kipimo kinachosema kweli juu ya maelfu ya watu hakijasema lolote la hakika juu ya bibi yako. Nasi tuna rekodi mbaya ya kusoma macho ya wazee. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, eti macho yao ni mekundu, kumbe ni moshi wa kuni na samadi waliyopikia tangu usichana. Sitaki hukumu nyingine ya macho, hata ikija na mashine.

Ninachotaka ni kitu cha bei nafuu zaidi: mzee aone kwanza. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet liliongeza uoni hafifu usiotibiwa kwenye orodha ya mambo 14 yanayochangia dimensia na yanayoweza kurekebishwa. Tena, asiyeona vizuri atashindwaje kufeli mtihani wa akili anaoandikiwa karatasini?

Shangazi tulimpeleka kliniki ya macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Siku alipofunguliwa bandeji alinikazia macho kwa muda, akasema, "Rehema, mwanangu, kumbe nawe umezeeka hivi!"

Koti halikaribishwi tena. Bado huniuliza mara tatu kama nimekula, na kwa hilo tunamwona daktari mwingine.