Mwiteni na Yeye

Huenda mtaani kwako kuna kijana mwenye sindromu ya Down. Pengine unamjua kwa sura tu, jina lake hujawahi kuliuliza. Alisoma katika kitengo maalumu cha shule ya msingi hadi akamaliza. Wenzake wakaenda sekondari, wengine ufundi, wengine bodaboda. Yeye alirudi nyumbani, na tangu hapo dunia yake ni mama, redio na kibaraza.

Tuondoe uvumi kwanza. Hali hii haiambukizi, si laana, wala si adhabu ya dhambi ya mzazi. Binadamu kwa kawaida ana kromosomu 46. Yeye huwa na 47, kwa kuwa ile ya 21 imekuja mara tatu badala ya mbili. Jérôme Lejeune wa Ufaransa na wenzake walilitangaza jambo hilo mwaka 1959, na kwa kuwa ni ile ya 21 mara tatu, siku ya kimataifa ya watu wenye hali hii ni tarehe 21 ya mwezi wa 3.

Wengi wao husikia kwa shida, na misuli ya kinywa ni legevu. Maneno huchelewa kutoka, lakini wanaelewa mengi kuliko tunavyodhani. Ukiwa na neno naye, mtazame yeye, usimuulize mama yake. Sema kwa ufupi, kisha subiri ajibu. Na kijana wa miaka 22 haitwi mtoto, wala hachezeshwi muziki kijiweni ili watu wamrekodi na kumcheka.

Kule Marekani, mwaka 1983 watu hawa waliishi wastani wa miaka 25 hivi. Leo ni karibu 60, na upasuaji wa moyo umechangia sana. Kadiri matibabu yanavyoboreka kwetu, wengi nao watawazika wazazi wao. Siku hiyo, nani mtaani atajua anachopenda kula na kinachomtisha? Mtu ni watu, na mama peke yake hatoshi kuwa watu.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Mkataba huo unawapa haki ya kuishi ndani ya jamii na kushiriki michezo na utamaduni. Lakini hakuna hakimu awezaye kukuamuru umwalike mtu harusini. Hilo ni juu yetu.

Nahodha wa timu ya mtaa, mpe jezi na umwingize mazoezini. Michezo ya Special Olympics, iliyoanzia Chicago mwaka 1968, ina timu ambamo wenye ulemavu wa akili na wasio nao hucheza upande mmoja. Mwalimu wa kwaya na ustadhi wa madrasa, mwandikisheni. Fundi cherehani, mama lishe, mfundisheni kazi moja hadi aimudu, kisha mumlipe kama wengine. Vijana, mkienda kutazama mpira, mpitieni. Nanyi wazazi, wageni wakija msimfungie chumbani. Mleteni akae nao, ajitambulishe mwenyewe.

Tusingoje Machi 21. Jumamosi hii piga hodi kwenye nyumba ile, uliza jina lake, mtoke pamoja. Na wiki ijayo, rudi tena.