Mtoto wa miaka 3 asipotee kati ya kilo na masomo

Mama wengi wa Bafwasende wanajua siku ya kilo. Asubuhi wanajipanga kwenye santre ya afya, mtoto mgongoni, fishi ya CPS mkononi. Mtoto anapimwa, anachomwa shindano, enfirmie anaandika. Lakini kisha shindano ya surua, kwenye mwezi wa 9, wengi hawarudi tena, hata kama CPS ni ya mtoto mpaka miaka 5. Kwa mtoto anayekua bila shida, pengine hasara si kubwa. Kwa mtoto mwenye ulemavu, pale njo njia inakatika.

Kisha miaka 3 inafika. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 inasema maternele ni ya watoto wa miaka 3 mpaka 5. Ni umri wa mtoto kutoka mikononi mwa enfirmie na kuingia mikononi mwa mwalimu. Lakini nani anamvusha? Enfirmie anasema kazi yake ni afya. Direktrisi wa maternele anasema hajui shida ya mtoto huyu. Baba iko kwenye karie. Mama anabaki na mtoto nyumbani, na miaka 3 inakuwa 6, na 6 inakuwa 10.

Sisi tunasema hivi: mahali pa kumfunza mtoto huyu ni hapa kwetu, kwenye maternele ya karibu, akiwa na miaka 3. Na matayarisho yaanze mbele ya siku hiyo, si kisha.

Tunajua jibu la wengi: « Apelekwe Kisangani. » Kwa operasyo ya mguu, ao kwa dokta wa masikio, ndiyo, itafaa kufika Kisangani. Lakini masomo ni kitu cha kila siku. Toka Bafwasende mpaka Kisangani ni kilomita zaidi ya 250 kwa barabara ya taifa namba 4, na mwenye kuishi upande wa Opienge ao Bomili iko na safari ingine mbele ya kufika kwenye barabara hiyo. Nani ataacha mtoto wa miaka 3 huko, na amwache kwa nani? Ukingoja akomae ndipo umpeleke, umepoteza miaka ile ambayo ubongo unashika mambo haraka zaidi: kusema, kushika kitu, kukaa na wengine.

Inchi zingine zilikutana na shida hii hii. Marekani, sheria ya mwaka 1986 ilifungua msaada kwa watoto toka kuzaliwa mpaka miaka 3. Wakaona kwamba siku ya kutimiza miaka 3 ni siku ya hatari: msaada wa kwanza unafungwa, na ule wa masomo unaweza kuwa haujafunguliwa. Kwa hiyo leo sheria yao inaomba mkutano ufanyike siku 90 ao zaidi mbele ya mtoto kutimiza miaka 3, wazazi na wale wanaomsaidia wakikaa pamoja na watu wa masomo. Karibu zaidi na sisi, Kenya ilianza mwaka 1984 kuweka vituo vya kuchunguza watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza kwenye masomo. Mzazi wa kule iko na mlango wa kugonga.

Feza za Marekani hatuna. Lakini mkutano wa watu watatu hauombi feza nyingi, unaomba tarehe.

Kwetu ingekuwa namna gani? Tuanze na macho ya wazazi. Mtoto akifika miezi 9 bila kuweza kukaa peke yake, miezi 18 bila kutembea, miaka 2 bila neno hata moja, ao kama hageuki akiitwa, usingoje. Rudi kwenye kilo, mwambie enfirmie, na omba aandike kwenye fishi. Kama kuna kine ao dokta wa kumwangalia, akuonyeshe mazoezi ya kufanya nyumbani kila siku.

Mtoto akiwa na miaka 2 na nusu, watu watatu wakutane: mzazi, enfirmie na direktrisi wa maternele. Reko wa kijiji anaweza kuwaita. Waandike karatasi moja tu: mtoto anaweza nini, hawezi nini, nini kinamsaidia. Anasikia kama uko karibu? Akae mbele. Hawezi kujishikilia kwenye benchi? Seremala wetu anaweza kumtengenezea kiti chenye mikono. Anachoka haraka? Aanze na saa moja kwa siku, mama akiwa karibu juma la kwanza. Hawezi kuomba choo kwa mdomo? Wapatane ishara. Mambo hayo madogo njo yanaamua kama mtoto atabaki, ao kama atarudishwa nyumbani siku ya tatu.

Kwa wachimbaji tuko na neno la pekee. Shimo likikosa kitu, ao habari ikifika kwamba zahabu imetoka pengine, familia inafunga mizigo. Mtoto anahama pamoja nayo, na kila mahali anaanza upya, maana enfirmie ni mpya na mwalimu hajui kitu juu yake. Ndugu, karte yako ya mchimbaji unaifunga ndani ya plastiki isilowe, sababu unajua ukiipoteza utasumbuliwa. Fishi ya mtoto na ile karatasi vifungwe ndani ya plastiki ile ile. Bila hivyo, kazi ya miaka miwili inabaki kwenye karie ya zamani.

Na kazi hii si ya mama peke yake. Kuna wababa wanakimbia nyumba ulemavu ukionekana, na kuna wanaosikiliza mtu akisema: « Huyu mutoto ni ndoki. » Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na inaweka azabu. Kuzaliwa kwa shida, malaria iliyopanda kichwani, meninjiti: magonjwa na ajali hizi zinaacha ulemavu, na hakuna ndoki ndani.

Mtu atauliza: « Batoto bazima benyewe habana maternele, tutaanza na huyu? » Swali ni la kweli. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya primere. Maternele inaombwa feza, na karie nyingi ziko mbali nayo. Lakini mtoto mzima aliyekosa maternele ataingia primere na miaka 6, na polepole atafuata wenzake. Mtoto asiyesikia, ambaye mpaka miaka 6 hakufunzwa ishara hata moja, watamwangalia na kusema hayuko tayari. Mlango utafungwa, na hautafunguliwa tena kwa urahisi. Kwa huyu, maternele njo masomo yenyewe. Na mahali ambapo haiko, mama mmoja aliyefunzwa kidogo anaweza kukusanya watoto wachache asubuhi, ndani ya kanisa ao chini ya paa la jirani, na mtoto mwenye ulemavu kati yao.

Leta nayo ilijifunga kwa maandishi. Katiba, artikle ya 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kufuatana na mahitaji yake. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ilikuja kuongeza nguvu juu ya haki hizo. Tunaomba kitu kidogo: zone ya afya na wakubwa wa masomo katika teritware wachague kila upande mtu mmoja, wawe na namba za telefone za kupigiana, na kila mwaka waweke pamoja majina ya watoto wanaokaribia miaka 3.

Juu ya feza, kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inapatia sekta na shefri asilimia 15 ya redevansi ya madini. Pale kampuni inalipa, sehemu yake iende kwenye viti na kumfunza mwalimu wa maternele. Koperative za wachimbaji nazo, zikikaa mkutano, ziweke jambo hili kwenye orodha.

Masomo yanafunguliwa mwezi wa 9. Watoto watakaokuwa na miaka 3 siku hiyo wamekwisha kuzaliwa, na kila mtaa unajua wako kwa nani. Juma hili, baba ao mama afungue fishi ahesabu miezi. Kama imebaki sita ao chini ya sita, aende kwa direktrisi, na asiende peke yake: aende na enfirmie ao reko, karatasi mkononi.