Kaunti zitenge pesa za dharura za akili

Kijana akipandwa na ugonjwa wa akili saa nane za usiku, akaanza kuvunja vyombo na kujibizana na sauti anazozisikia peke yake, jamaa zake huwa na njia chache. Humfunga kamba hadi kuche, humwita mchungaji au shehe aje kumwombea, ama humpigia simu chifu, naye chifu huwaita polisi. Hospitali ya karibu hukumbukwa mwisho, kwa kuwa wanajua hakuna kitanda wala mhudumu aliyeandaliwa kumpokea.

Angekuwa amegongwa na bodaboda, hadithi ingekuwa tofauti. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Wakenya wanaielewa haki hiyo damu inapomwagika. Akili inapovurugika, dharura inageuka kesi ya usalama.

Sheria si haba. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza matatizo ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Juni 2022 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili, yaliyozipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi na kuzitengea fedha. Kisha Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akabatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayestahili kifungo cha hadi miaka miwili. Tangu siku hiyo polisi hana sababu ya kumtia seli mtu wa aina hiyo. Lakini ampeleke wapi?

Jibu la miaka yote limekuwa Mathari. Hospitali hiyo ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na zaidi ya karne moja baadaye ndiyo bado inayotajwa kwanza mgonjwa anapozidiwa, hata kama anatoka mpakani. Ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali wa mwaka 2017 ulibaini kuwa kati ya hospitali 284 za kiwango cha nne kwenda juu, ni 29 tu zilizokuwa na huduma za afya ya akili. Hiyo ni takriban hospitali moja katika kila kumi.

Pesa ndizo zinazoeleza pengo hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa serikali duniani hutumia wastani wa asilimia 2 tu ya bajeti za afya kwa afya ya akili, kiwango ambacho shirika lenyewe linakiona ni kidogo mno. Kwa Kenya, takwimu iliyonukuliwa kwa miaka mingi ni asilimia 0.01, yaani katika kila shilingi 10,000 za afya, shilingi moja.

Kinachohitajika si Mathari nyingine 47. Ni wadi ndogo ya dharura katika hospitali kuu ya kila kaunti, yenye vitanda vichache, mlango ulio wazi usiku kucha na wahudumu waliofunzwa. Mgonjwa akifika, kwanza hupimwa isije ikawa malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka au kileo. Hutulizwa kwa maneno, na ikibidi kwa dawa kama haloperidol na diazepam, ambazo ni za zamani, ni za bei nafuu na zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Hulala, hula, hurudishiwa dawa alizoziacha, na jamaa zake huelezwa la kufanya. Wengi wa wanaopata huduma hiyo mapema hurudi nyumbani baada ya siku chache, wakiwa na tarehe ya kliniki mkononi.

Kazi hiyo haimngoji daktari bingwa. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa mhGAP unaowafunza wauguzi na maafisa wa kliniki kushughulikia matatizo haya.

Tucson, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, kituo cha namna hiyo kilifunguliwa mwaka 2011 kwa fedha za bondi iliyoidhinishwa na wapiga kura wa kaunti ya Pima. Polisi akimleta mtu humkabidhi kwa wahudumu na kurudi kazini baada ya dakika chache, na wengi wa wanaopokewa huondoka bila kulazwa hospitali. Marekani hiyo hiyo inatoa onyo pia. Huko Eugene, Oregon, mpango wa CAHOOTS, uliotuma mhudumu wa afya na mshauri mahali ambapo zamani walienda polisi, uliendeshwa tangu 1989. Aprili 2025 ulisimama mjini humo kwa kukosa fedha. Sifa hazikuuokoa.

Magavana watasema hazina ni tupu, na kwamba hata mishahara ya madaktari huchelewa. Ni kweli, mgao kutoka Nairobi huchelewa. Lakini gharama ya mgonjwa aliyeachwa hailipwi na hewa. Inalipwa na polisi kwa mafuta ya gari, na magereza kwa mahabusu wasiostahili kuwa humo, na Mathari kwa wagonjwa wanaokaa miezi, na mama anayeuza ng'ombe ili amsafirishe mwanawe hadi Nairobi.

Kwa hiyo kila kaunti iwe na kifungu chake cha bajeti kwa dharura za akili, kisichofichwa ndani ya "huduma za afya kwa jumla", ili madiwani waweze kuuliza pesa hizo zilipotumika. Nayo Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iweke wazi kwamba siku hizo chache za kumtuliza mgonjwa zinalipwa kama dharura nyingine yoyote.

Makadirio ya bajeti huwasilishwa katika mabunge ya kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na sheria inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Msomaji mwenye mgonjwa nyumbani, au jirani wa mwenye mgonjwa, asiikose nafasi hiyo. Ahudhurie, aombe kitabu cha bajeti, na amtake waziri wa afya wa kaunti amwonyeshe ukurasa wenye kifungu hicho.