Kufuli ya trela inajua njia, haijui kilicho ndani

Ukipita Malaba, angalia trela zinazopiga foleni kuelekea Uganda. Kwenye milango ya kontena nyingi utaona kufuli nene za kielektroniki. Zina GPS na laini ya simu, na tangu 2017 mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zinazifuatilia kwa mfumo mmoja. Dereva akitoka njia, au mtu akichokora kufuli, wanajua.

Sasa waulize: ndani kuna nini? Hapo kufuli inanyamaza. Yenyewe iko nje, na kontena ni sanduku la chuma. Netiweki, WiFi, Bluetooth, zote ni mawimbi ya redio, na redio ikigonga chuma inarudi.

Si mambo ya mizigo tu, buda. Oktoba 2019, Wavietnam 39 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya trela la friji lililopatikana Essex, Uingereza. Mahakama iliambiwa mmoja wao alijaribu kupiga namba ya dharura ya kwao, hakupata netiweki. Machi 2020, majirani zetu Waethiopia 64 walipatikana wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Mimi sitaki kungoja zamu ya barabara yetu.

Kinachonikera ni kwamba njia ipo. Chuma kinachokataa redio kinapenda sauti. Hewani sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Kwenye chuma, karibu 5,900. Tanboi analijua hilo, ndiyo maana anagonga bodi na dereva anasikia. Basi unabandika kipande cha fuwele nje, jamii ya ile inayotoa cheche kwenye kiwashio cha gesi, na kingine ndani, mkabala. Ukikipa umeme kinatetemeka kwa altrasaundi, sauti ambayo sikio letu halinasi. Cha upande wa pili kinageuza mtetemo kuwa umeme tena, na data imepita bila tundu hata moja. Tristan Lawry, aliyekuwa mwanafunzi wa Rensselaer kule Marekani, alitambuliwa 2011 kwa kupitisha wati 50 za umeme na zaidi ya megabiti 10 za data kwa sekunde kwenye chuma kinene cha sentimita 6 hivi. Ukuta wa kontena ni kama milimita 2!

Shida zipo, sikatai. Fuwele lazima ishikane na chuma kabisa. Hewa kidogo tu katikati inaharibu, ndiyo maana mama mjamzito hupakwa jeli tumboni akienda kupimwa. Na kubandika kontena zote za dunia, sahau. Anza na chache. Kwa binadamu hata fuwele ya ndani haihitajiki. Iliyo nje inaweza kunasa mtu akigonga, na laini ya kutuma taarifa kufuli tayari inayo.

Kufuli hizi zilitengenezwa kulinda ushuru. Sawa. Lakini KRA na wenzao wakienda kununua nyingine, wadai zenye sikio.

Na wewe fundi wa simu hapo Busia, kile kidude kinacholia "pii" kwenye saa ya alamu ni ndugu wa fuwele hii. Kibandike kwenye pipa tupu, kiunganishe na spika yenye amplifaya, kisha mwambie mtu agonge upande wa pili.