Sura ya Kompyuta ni Hiari ya Mwenyewe

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa jumla, kompyuta nyingi zenye siha njema zimehesabiwa kuwa mahututi kwa kuwa Windows 11 haizikubali, na wenyewe, ambao aghalabu si watu wa mali nyingi, wameshauriwa wanunue nyingine. Rai yangu ni kinyume cha ushauri huo: zitiwe mfumo wa Linux, na wenyewe wajichagulie sura watakayoitazama kila siku.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mfumo na sura yake havitengani. Katika Linux, kiini alichokianzisha Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991 ni kitu kimoja, na eneokazi, yaani menyu, madirisha, ikoni na upau wa chini, ni kitu kingine, kiwezacho kuvuliwa na kuvaliwa kama kanzu pasipo waraka wako hata mmoja kuguswa. Ndiyo sababu mwaka 2011, GNOME, eneokazi mojawapo la Linux, ilipotoa toleo la 3 lililopindua desturi za watu, mtumiaji mmoja wa Argentina hakuishia kunung'unika. Alitwaa msimbo wa toleo la 2, ambao leseni yake ilimhalalishia, akaanzisha MATE, iliyopewa jina la kinywaji mashuhuri cha kwao, nayo ingali hai hata leo. Mteja wa programu iliyofungwa, akichukizwa, hana ila kustahamili.

Kwa mashine kuukuu mimi huchagua Xfce, eneokazi lililoasisiwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, kwa kuwa haina tamaa ya kumbukumbu. Mwenye Linux ya aina ya Debian au Ubuntu huandika katika terminali `sudo apt install xfce4`, akatoka katika akaunti yake, na kwenye skrini ya kuingilia akachagua Xfce kabla ya kutia nenosiri. Eneokazi la zamani hubaki palepale, likimngoja akighairi. Mapambo, yaani mandhari na ikoni, huwekwa katika folda za `.themes` na `.icons`, ambazo nukta ya mwanzo huzificha machoni. Hapa wageni hutatizika: rangi za ndani ya dirisha huchaguliwa mahali pamoja na kichwa cha dirisha mahali pengine, hata mtu akaona kiwiliwili cheusi chenye kichwa cheupe, akadhani ameharibu.

Wapo wasemao kwamba kupamba kompyuta ni upuuzi wa vijana. Sikubaliani nao, maana mzee anayekuza herufi na karani anayepunguza mng'ao wa skrini usiku hawachezi. Lakini kadiri ni muhimu: vivuli na madoido hula nguvu ileile tuliyokusudia kuiokoa, na mandhari iliyotelekezwa na mtunzi wake huweza kuvurugika mfumo unapopata toleo jipya.

Basi, wewe mwenye kompyuta iliyotupwa kabatini, nakili kwanza nyaraka zako katika diski ya nje, kisha iwashe kwa flashi yenye Linux Mint ya Xfce, uijaribu bila kusakinisha kitu. Isipokupendeza, zima, chomoa flashi, na Windows yako utaikuta kama ulivyoiacha.