Anayehamishwa Apewe Wasaa wa Kuchambua Vitu Vyake

Katika mji wa Kolwezi, jimboni Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulioasisiwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière juu ya ardhi iliyojaa shaba, kuhama si jambo ambalo mtu hulipanga kwa hiari yake kila mara, bali aghalabu ni amri itokayo upande wa mgodi, ikamkuta baba yuko kazini na mama yuko sokoni, na kuwaarifu wote wawili kwamba nyumba waliyolelea watoto wao imekwisha kuingia ndani ya mpaka wa shimo. Habari hii imeandikwa sana kwa upande wa fidia, na ni haki iandikwe hivyo. Walakini liko jambo jingine, dogo kwa sura na kubwa kwa maana, ambalo halijatazamwa kwa kadiri ya uzito wake, nalo ni kazi ya kuchambua vitu vya nyumbani kabla ya kuondoka, ili ijulikane nini kichukuliwe, nini kigawiwe, na nini kitupwe. Kauli yangu ni kwamba kazi hiyo ni milki ya mwenye nyumba. Kwamba yampasa aianze mapema na kuifanya kwa utaratibu. Na kwamba wenye migodi na serikali wana wajibu wa kumpa muda wa kuifanya kama walivyo na wajibu wa kumlipa fedha.

Kwanza yafaa tumwondolee lawama mtu wa Lualaba anayeambiwa kwamba nyumba yake imejaa makorokoro. Wazee wetu waliokuja kufanya kazi ya shaba walipewa na kampuni nyumba na posho, lakini nyumba ile haikuwa yao, na kazi ilipokwisha iliwapasa kuirudisha. Kwa hiyo kitu ambacho mtu aliweza kukiita chake kwa yakini kilikuwa kile alichoweza kukibeba: baiskeli, cherehani, sanduku la bati, kitanda, vyombo vya jikoni. Baada ya hapo, Union Minière ilipotaifishwa mwaka 1967 na mali yake kuishia mikononi mwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na Gécamines nayo ilipodhoofika katika miaka ya 1990 hata mishahara ikawa haipatikani kwa wakati wake, familia nyingi ziliishi kwa kuuza kimoja kimoja vitu zilivyokuwa zimevikusanya. Fedha zenyewe hazikuwa na uaminifu, kwa kuwa mwaka 1993 zaire mpya 1 ilishika mahali pa zaire milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikageuka kuwa faranga 1 ya Kongo. Mtu aliyeshuhudia akiba yake ya noti ikiyeyuka namna hiyo, na bati lake la nyuma ya nyumba likibaki na thamani yake ile ile, hakukosea alipojifunza kutotupa bati.

Maadamu sababu hiyo tumeielewa, tunaweza sasa kusema bila ya kumvunjia mtu heshima kwamba si kila kilichowekwa kingali akiba. Redio isiyosema tangu mzee alipostaafu, godoro lililoliwa na panya, magunia yaliyooza, injini ya pikipiki ambayo vipuri vyake havipatikani tena, viatu vya watoto ambao leo ni baba na mama wa watu: vitu hivi, siku ya kuhama, hula nafasi katika lori na kodi ya lori, na huchosha migongo ya vijana, kisha hufika mahali papya pasipo na ghala wala ukumbi wa kuvipokea. Mwenye kuvichukua vyote kwa kushindwa kuamua hulazimika mara nyingi kuviacha njiani vile ambavyo angevihitaji zaidi.

Lakini kipimo cha kuchambulia ni kipi? Katika nchi zilizotulia watu hushauriwa watazame kitu na kujiuliza kama wanakipenda, au kama wamekitumia katika mwaka uliopita. Shauri hilo linawafaa watu wanaotoka nyumba yenye umeme na kwenda nyumba yenye umeme. Kwetu kipimo cha kweli ni nyumba uendako. Tutazame mtaa wa Cité Gécamines, ambao nyumba zake zilijengwa kwa wafanyakazi zikiwa na maji ya bomba na umeme, na ambao leo umepakana na mgodi wa kampuni ya COMMUS, inayomilikiwa na Zijin ya China kwa ubia na Gécamines. Tangu mgodi huo ulipofunguliwa upya mwaka 2015 shimo limekuwa likipanuka, nyumba zimepasuka kuta kwa mishindo ya baruti, na mamia ya wakazi wamekwisha kuondoka au kuambiwa waondoke. Ripoti iliyotolewa Septemba 2023 na Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapa hapa Kolwezi, ilieleza kwamba waliohamishwa hawakuweza kununua nyumba za namna ile kwa fidia waliyopewa, na kwamba wako walioishia pembeni mwa mji pasipo maji ya bomba wala umeme.

Kwa familia ya namna hiyo mizani ya vitu hupinduka. Friji, ambayo jana ilikuwa fahari ya nyumba, kule uendako ni kabati zito lisilo na kazi. Na mbabula ya makala, ambayo jana ilitupwa nyuma ya choo kwa kuwa jiko la umeme lilitosha, kesho ndiyo itakayopika bukari. Mapipa na madumu ya maji, ambayo katika mtaa wenye bomba yangehesabiwa kuwa takataka, kule ni uhai wa kila siku. Kwa hiyo namnasihi kila mwenye nyumba aliyepata habari ya kuhama kwamba, kabla hajagusa kitu kimoja, aende kwanza akapaone mahali atakapokaa, aulize maji hutoka wapi na umbali wa shule ni upi, apime milango na vyumba, kisha arudi ndipo aanze kuchambua. Mwenye friji aiuze mapema, akiwa na nafasi ya kukataa bei ya kwanza, kwani siku ya mwisho mnunuzi hujua kwamba huna pa kuiweka, na hapo bei huwa ni yake.

Utaratibu nao una daraja zake. Vitangulie karatasi: karatasi za paseli, yaani za kiwanja, kadi za uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, karatasi za kustaafu, risiti za bati na saruji zilizojengea nyumba, na picha za familia, hivi vyote vitiwe katika mfuko mmoja usiopitisha maji, uchukuliwe mkononi na mtu mzima mwenye akili timamu, usipandishwe katika lori. Vifuate vyombo vya kazi, maana cherehani ya fundi na msumeno wa seremala ndiyo masurufu ya mwezi wa kwanza katika mahali pageni. Ndipo zije nguo, matandiko na vya jikoni. Vile vilivyobaki, ambavyo vingali vizima lakini havina nafasi, vigawiwe kwa jirani na jamaa wakati mwenyewe angali hapo kutoa kwa mkono wake, kwa kuwa kilichotolewa kwa ridhaa huacha shukrani na udugu, na kilichoachwa kwa haraka huokotwa na mpita njia. Na vitu hivi vyote viandikwe. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mahali ambapo neno hilo lina ukweli zaidi kuliko katika nyumba iliyopigwa alama ya kubomolewa.

Katika daftari hilo hilo viandikwe pia visivyobebeka. Mwembe uliopandwa na babu, kisima kilichochimbwa kwa fedha za nyumba, bustani ya mboga, banda la kuku, ukuta wa uani: hivi haviingii katika lori, na asipoviandika mwenyewe, mbele ya mashahidi na kwa picha za simu, itakuwa vigumu kuvidai baada ya tingatinga kupita. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018, pamoja na kanuni zake, inataka wanaohamishwa washauriwe na walipwe fidia ya haki. Lakini mwenye daftari hukaa katika mashauri hayo akiwa mtu wa hoja, na asiye nalo hukaa akiwa mtu wa kuomba.

Nimesema juu ya wajibu wa mwenye nyumba. Sasa niseme juu ya wajibu wa wale wanaomhamisha, kwani utaratibu wote huu ni bure ikiwa muda haupo. Katanga, jimbo la zamani ambalo Lualaba ilikuwa sehemu yake, inajua ni nini kuondoka bila muda. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walikuwa wamezaliwa huku huku na hawakuwa na kwao kwingine, walifukuzwa kwa mamia ya maelfu, wakarundikana katika vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingojea safari kwa wiki na miezi, huku nyumba na samani zao zikienda kwa bei ya kutupa au zikitwaliwa bila bei. Dhuluma ile ilikuwa ya namna nyingine na chanzo kingine, nami siilinganishi na kazi ya mgodi. Lakini inatufunza kwamba mtu aliyenyimwa wasaa wa kuchagua atakachobeba amenyang'anywa, hata kama hakuna aliyetia mkono katika sanduku lake.

Wako watakaosema kwamba vitu vya maskini ni vichache na duni, kwamba apewe fedha akanunue vipya, na kwamba dunia haiwezi kungoja mama achambue masufuria ilhali zaidi ya theluthi mbili za kobalti yote inayochimbwa ulimwenguni hutoka Kongo, na viwanda vya magari ya umeme vinaihitaji. Nawajibu kwamba madini yale yamekaa ardhini tangu zamani zisizohesabika, na hayataharibika kwa kungojea miezi michache; na kwamba fedha ya fidia, ikiisha kununua nyumba mbovu zaidi kuliko ile iliyovunjwa, haibaki na ziada ya kununua vitanda na vyombo. Kitu duni kilichomo mkononi humfaa maskini kuliko kipya kilichomo dukani.

Basi ombi langu kwa kampuni za Lualaba, na kwa serikali ya jimbo iliyo dhamana wa watu wake, ni hili: tangazo la kuhama litolewe kwa maandishi, kwa lugha ambayo watu wa mtaa huisoma, miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, orodha ya mali iandikwe mbele ya mwenye nyumba, naye apewe nakala yenye sahihi, lori lilipwe na anayehamisha, na pasibomolewe nyumba yoyote kabla mwenyewe hajasema kwa kinywa chake kwamba amemaliza kutoa vilivyo vyake. Na kwa wewe msomaji unayeishi karibu na shimo, hata kama nyumba yako haijapigwa alama, anza daftari lako wiki hii, wala usingoje kukumbushwa na mgeni aliyeshika rangi na burashi.